Jirani Aliyetuzidi Nguvu

Mwezi Mei 2019 ligi ya michezo ya vyuo vidogo katika jimbo la Minnesota, Marekani, ilitoa tangazo lisilo la kawaida. Chuo Kikuu cha St. Thomas, kimoja kati ya vyuo saba vilivyoianzisha ligi hiyo mwaka 1920, kilitakiwa kuondoka. Tangazo halikutaja udanganyifu wowote, wala wachezaji wasio halali, wala waamuzi waliohongwa. Lilitaja uwiano wa ushindani. Kwa lugha ya nyumbani: mmetuzidi mno, tafuteni wenzenu. Wakapewa muda hadi katikati ya 2021.

Basi ipo hoja. Timu ya chuo iendelee kucheza na jirani wa siku nyingi hata pale jirani huyo anapoizidi nguvu kupita kiasi? Na huyo mwenye nguvu, ni haki aendelee kukutana na wale anaojua kwamba atawaponda? Tunaomba msomaji asiseme upesi kwamba haya ni mambo ya wapenda michezo. Kila usharika uliowahi kupeleka kwaya kwenye mashindano ya jimbo unalijua swali hili. Kwaya ya mjini ina mwalimu aliyesomea muziki, ina vinanda, ina sare mpya kila mwaka. Kwaya ya mtaa wa kijijini imekuja nyuma ya lori, imefika na vumbi, na mwalimu wake ni mkulima anayejua noti kwa kusikia. Matokeo yanajulikana kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Mwaka wa tano au wa sita, wale wa kijijini wanaambiana kwamba safari hii tupumzike tu, nauli yenyewe iko wapi. Na wale wa mjini, wakisikia, wengine wanaona fahari na wengine wanaona kitu kimewapungukia, ingawa hawajui ni nini.

Kwaya tutazirudia. Kwanza twende Minnesota.

Kwa washarika wengi wa KKKT jina hilo si geni. Sinodi ya Eneo la Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wana ushirika wa miaka mingi unaoitwa Bega kwa Bega, na wageni wa kutoka huko wameketi kwenye mabenchi yetu na kula ugali wetu. Jimbo lile lilijengwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji kutoka Norway, Sweden na Ujerumani, na kama wamisionari waliokuja kwetu, hawakukaa muda mrefu kabla ya kujenga kanisa na shule. Walutheri wa Norway walianzisha St. Olaf katika mji wa Northfield mwaka 1874. Walutheri wa Sweden walianzisha Gustavus Adolphus. Wamethodisti wana Hamline, Wapresbiteri walianzisha Macalester, Wakongregesheni walianzisha Carleton. Wamonaki Wabenedikto walianzisha Saint John's, ambacho sasa kiko Collegeville, mwaka 1857, na Askofu John Ireland wa Saint Paul akaanzisha St. Thomas mwaka 1885. Hivyo ndivyo vyuo saba vya mwanzo vya ile ligi, na vyote saba vilizaliwa kanisani. Mwaka 1920 wazee wa vyuo hivyo wasingeweza kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Kucheza pamoja waliweza. Sisi hatulioni hilo kuwa jambo dogo.

Mchezo wenyewe unahitaji maelezo kidogo, maana si kandanda yetu. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai, hubebwa mkononi, na aliyeubeba huangushwa kwa nguvu na wapinzani. Wachezaji 11 kila upande huvaa kofia ngumu na mabega ya kinga, na bado huumia: magoti, shingo, na mtikisiko wa ubongo ambao dalili zake huweza kuchelewa. Mwaka 1905 vijana kadhaa walikufa kutokana na mchezo huo, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vikubwa awaambie wautengeneze. Chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani hadi leo kilitokana na misukosuko ya mwaka ule. Tunalitaja hili kwa sababu mtu akisema "ni mchezo tu," ni lazima tukumbuke ni mchezo wa namna gani. Kushindwa vibaya katika uimbaji kunaumiza moyo. Kushindwa vibaya katika mchezo ule kunaumiza moyo na shingo.

Sasa tazama msimu mmoja, ule wa 2017. Mwezi Septemba St. Thomas walikutana na Saint John's, watani wao tangu 1901. Uwanja wa kawaida usingetosha, kwa hiyo walichezea Minneapolis katika uwanja wa timu ya kulipwa ya besiboli. Walihudhuria watu 37,355, idadi ambayo ilikuwa haijawahi kufikiwa katika daraja lao, daraja ambalo wachezaji hawapewi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. St. Thomas walishinda kwa pointi 20 kwa 17. Msimu huohuo St. Thomas walicheza na St. Olaf. Matokeo yakawa 97 kwa 0.

Tisini na saba kwa sifuri. Katika mchezo ule timu ikifika mwisho wa uwanja hupata pointi sita na nafasi ya kuongeza moja au mbili, kwa hiyo msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe ni mara ngapi vijana wa St. Olaf walisimama wakiwatazama wenzao wakishangilia. Hatuna haja ya kusema zaidi juu ya siku hiyo. Lakini ni wazi kwamba mechi zile mbili, iliyoamuliwa kwa pointi tatu na iliyoamuliwa kwa tisini na saba, zilichezwa na timu moja, ndani ya ligi moja, chini ya kanuni zilezile. Kwa hiyo anayeuliza kama vyuo vile viendelee kukutana na jirani yao anauliza maswali mawili, na jibu la moja halitoshi kwa la pili.

Wengi walieleza tofauti kwa ukubwa. St. Thomas wana wanafunzi wa shahada ya kwanza wapatao 6,000, karibu mara mbili ya St. Olaf. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina tundu kubwa: Saint John's ni chuo cha wanaume kinachoshirikiana na chuo cha wanawake cha Saint Benedict kilicho jirani, na wavulana wake hawafiki 2,000. Ni wadogo kuliko St. Olaf. Hata hivyo kocha wao John Gagliardi, aliyefundisha hapo kuanzia 1953 hadi 2012, alistaafu akiwa na ushindi 489, mwingi kuliko kocha yeyote katika historia ya mchezo huo vyuoni. Na mwezi Oktoba 2019, miezi mitano tu baada ya St. Thomas kuambiwa kwamba wanazidi nguvu, Saint John's waliwafunga. Kwa hiyo idadi ya watu si yote. Chuo huamua kinachokipenda, na kinachokipenda hukipa watu, fedha na muda. Chuo kilichoamua kupenda maabara au kwaya zaidi ya mpira hakijatenda dhambi. (Kwaya ya St. Olaf, tukumbushe, inajulikana dunia nzima, na hapo hakuna jirani aliyelalamika kwamba uwiano umeharibika.)

Tuanze na mwenye nguvu. Je, ana kosa kwa kushinda?

Wapo ndugu wanaojibu upesi kwamba hapana: alicheza kwa kanuni, na Paulo mwenyewe anatumia mfano wa wakimbiaji ambao mmoja tu hupata tuzo. Ni kweli Paulo anautumia. Lakini Maandiko yana sehemu nyingine zinazomhusu mwenye nguvu kwa karibu zaidi, na hizi tunazisoma mara chache. Katika Mambo ya Walawi mwenye shamba anakatazwa kuvuna hadi pembeni kabisa. Shamba ni lake, jembe ni lake, jasho ni lake, na bado kuna kona asizopaswa kuzigusa, kwa sababu yuko mwingine anayezihitaji. Katika Kumbukumbu la Torati, mtu aliyepatikana na hatia anaweza kupigwa viboko, lakini visizidi arobaini. Sababu inayotolewa inatushangaza kila tunapoisoma: ni kwamba ndugu yako asije akadharaulika machoni pako. Sheria haisemi kwanza habari ya mwili wake. Inahofia macho ya anayetazama, kwamba yakizoea kumwona ndugu akishushwa bila kikomo, yatasahau kwamba ni ndugu.

Hapo ndipo tunapoona hatari ya 97. Haiko kwa St. Olaf peke yao. Kijana wa St. Thomas aliyeshangilia pointi ya 90 alifundishwa kitu siku ile, na hakikufundishwa na mwalimu yeyote.

Lakini tusiwe wepesi. Tumwazie kocha wa timu yenye nguvu, kocha yeyote. Amewatoa wachezaji wake wa kwanza, ameingiza wa akiba. Huyu wa akiba ni kijana aliyefanya mazoezi tangu Agosti, aliyeamka alfajiri, ambaye wazazi wake wamesafiri saa nne kwa gari wakitumaini kumwona akicheza dakika tano. Sasa umwambie nini? Kwamba akiupata mpira asikimbie? Kwamba aanguke mwenyewe? Huo nao ni uonevu, umehamishiwa tu kwa mwingine. Na yule anayeshindwa, je, anafurahi kuona mpinzani akitembea? Kila aliyewahi kucheza na kaka mkubwa anajua kwamba kuachiwa kwa makusudi, tena kwa tabasamu, kunauma kuliko kufungwa. Dharau ina njia mbili za kuingia mlangoni, na huruma isiyo na adabu ni mojawapo.

Kona ya shamba katika mchezo ule iko wapi, basi? Kanuni zao zinaruhusu vipindi vilivyobaki vifupishwe wakati wowote, iwapo makocha wote wawili na mwamuzi wamekubaliana. Sisi tunaipenda kanuni hii kwa sababu haimwachii mwenye nguvu aamue peke yake. Inawalazimu watu wawili waliokuwa wakishindana wasogeleane na kuzungumza. Mnyonge anapaswa kumeza fahari yake na kukubali kwamba yatosha. Mwenye nguvu anapaswa kukubali, na kuhakikisha kwamba vijana wake hawalicheki jambo hilo ndani ya basi. Ni kitu kidogo, lakini kinawezekana pale tu ambapo makocha wawili wanajuana na kuheshimiana kabla ya mechi. Siku ya aibu si siku ya kuanza kujuana.

Sasa mnyonge. Anayo haki ya kusema hapana?

Tunaona anayo, na tunataka kulisema hili bila kupindapinda kwa sababu katika makanisa yetu mnyonge huambiwa avumilie kwa wepesi mno. Mwili wa kijana wa miaka 19 si mali ya wahitimu wa chuo, wala ya mashabiki, wala ya desturi iliyoanza 1901 au 1920. Mkuu wa chuo anayeona vijana wake wanaingia uwanjani wachache, wepesi, wamechoka, mbele ya wenzao wazito walio wengi, na anajua kwamba robo ya mwisho ya mechi ndipo magoti yatakapovunjika, hana ruhusa ya kusema "tumezoea." Chuo cha Macalester kilipoteza mechi 50 mfululizo kati ya 1974 na 1980. Mtu anaweza kuisimulia habari hiyo kama ushujaa, na kweli walikuwamo mashujaa. Lakini baada ya msimu wa 2001 chuo hicho kiliamua kuondoa timu yake ya mpira katika ligi na kucheza na watu wa kiasi chake. Hakikufunga timu. Hakikumtukana mtu. Kilitoka kwa miguu yake.

Kuna tofauti kati ya kutoka na kutoa. Hapa ndipo tunapowaachia mkono wale waliofanya uamuzi wa 2019. Mnyonge akisema "mimi siwezi tena," anasema ukweli juu ya nafsi yake, na ukweli huo unamgharimu. Wanyonge wakikaa pamoja wakasema "wewe ondoka," wameugeuza udhaifu wao kuwa wingi, na wingi kuwa nguvu. Tena ukiiangalia St. Thomas siku ile ya tangazo, iliyoonewa ni pamoja na timu zake za michezo mingine ambazo hazikuwahi kumfunga mtu 97. Wakuu wa vyuo walikuwa na hofu ya kweli, na walikuwa na wajibu kwa vijana wao. Tunadhani walichagua njia ya mkato.

Sisi kwa Kiswahili tuna neno ambalo ndugu zetu wa Minnesota hawana, nalo lingewasaidia. Simba na Yanga hatuwaiti maadui. Tunawaita watani wa jadi. Mwaka 1977 Simba walimfunga Yanga sita kwa bila, na wazee wa Simba bado wanalikumbusha hilo kana kwamba lilikuwa jana. Novemba 2023 Yanga wakalipa tano kwa moja, na vijana wao watalikumbusha mpaka nao wawe wazee. Hakuna aliyependekeza mmoja wao aondolewe.

Utani ni zaidi ya kutaniana. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu wa waliopigana ni watani. Mtani anaweza kukuambia mbele ya watu jambo ambalo ndugu yako wa damu asingethubutu. Anaweza kuingia msibani akacheka, akazuia jeneza, akadai alipwe kwanza. Lakini huyohuyo ndiye anayechimba kaburi, anayebeba maji, anayesimamia mambo ambayo wafiwa hawana nguvu ya kuyasimamia. Haki ya kukucheka ameilipia kwa wajibu wa kukuzika. Mtu anayekucheka na msibani haji, huyo si mtani. Ni mtu anayekucheka tu.

Kipimo hicho tunaweza kukitumia. Ukitaka kujua kama uendelee kucheza na jirani wa zamani, usianze na ubao wa matokeo. Uliza: mchezaji wetu akivunjika mguu kwao, nani anakuja hospitali? Mwalimu wao akifa, sisi tunapeleka watu? Vijana wanapomaliza mechi, wanashikana mikono kama watu watakaokutana tena, au kama watu waliomaliza biashara? Panapokuwa na majibu mazuri, hata kipigo kikubwa kinaweza kubebeka, kwa sababu aliyekupiga ana deni kwako na anajua. Pasipokuwa na majibu, hata sare ya kila mwaka ni bure.

Kwa kipimo hicho, waliopoteza zaidi mwaka 2019 ni Saint John's, nao hawakuwa wamezidiwa na mtu. Mechi ile ya Oktoba waliyoshinda ikawa ya mwisho ya watani hao ndani ya ligi. Ilitarajiwa kwamba 2020 wangeagana, lakini ugonjwa wa korona ukaja, mechi yao ya msimu ule haikuchezwa, na St. Thomas wakahamia daraja la kwanza mwaka 2021 bila mechi ya kwaheri. Watu waliokutana tangu 1901, nyumba mbili za Kikatoliki katika jimbo moja, walitengana kama wapangaji.

Tunawaza habari za Abrahamu na Lutu. Mifugo yao iliongezeka hata nchi ikawa ndogo, na wachungaji wao wakaanza kugombana. Hakuna aliyekuwa na kosa. Baraka yenyewe ndiyo iliyowabana. Abrahamu, aliyekuwa mkubwa, akamwambia mdogo achague kwanza upande anaoutaka. Wakatengana. Lakini sura inayofuata, Lutu alipotekwa na wafalme, ni Abrahamu aliyetoka na watu wake kumfuata. Walikuwa wameacha kuchunga pamoja. Hawakuacha kuwa ndugu, na ushahidi wake haukuwa maneno.

Kwa hiyo tunasema nini? Kwa St. Olaf na wenzake: ilikuwa haki kuacha kucheza mpira na St. Thomas, na ingekuwa heri kama wangeacha kwa jina lao wenyewe, mchezo huo mmoja tu, huku mingine ikiendelea. Kwa Saint John's na St. Thomas: tunaona wanapaswa kutafuta namna ya kukutana tena. Ligi ya mpira ambayo St. Thomas walihamia nayo haitoi ufadhili wa masomo kwa wachezaji, kwa hiyo umbali kati yao haukuwa mkubwa kama jina la daraja linavyotisha. Hata kama si kila mwaka.

Tunajua wapo watakaosema kwamba ukiwarudisha uwanjani ni fedha zitakazoita, maana watazamaji 37,355 si sadaka ya Jumapili moja. Hofu hiyo ni ya haki. Mashabiki wanataka mechi kwa sababu zao, na mashabiki hawavunjiki magoti. Ndiyo maana tungependa neno la kwanza litoke kwa wachezaji na kwa walio karibu nao, tena litolewe upya kila baada ya miaka michache. Na siku daraja la kwanza litakapowafanya St. Thomas wawe wazito mno hata kwa Saint John's, basi mpira na uachwe. Wakimbie pamoja. Waimbe pamoja. Wapeleke watu msibani.

Na kwaya zetu? Tumeona jimbo moja ambako kwaya iliyozoea kushinda iliombwa, mwaka uliofuata, impeleke mwalimu wake kwa miezi miwili katika mtaa uliokuwa ukishika mkia. Wapo waliokataa, wakasema tunawanoa wapinzani wetu kwa kisu chetu. Mwalimu alikwenda. Mtaa ule haukushinda. Ulishika nafasi ya saba kati ya tisa. Lakini matokeo yaliposomwa, kwaya ya mjini ilipiga vigelegele kwa nafasi ya saba kuliko kwa ile yake ya kwanza, na wazee wa kijijini wakaanza palepale kuwatania kwamba mwakani wajiandae kuona vumbi.

Macalester walirudisha timu yao ya mpira katika ligi mwaka 2021, msimu uleule ambao St. Thomas hawakuwamo tena. Vyuo hivyo viwili viko katika mji mmoja wa Saint Paul, na kutoka kimoja hadi kingine mtu hufika kwa miguu.